Kila Mwanafunzi kwa Jina Lake

Jumatatu, 9 Juni

Idd imekwisha, wahadhiri wote tumerudi Garsen, na Mkuu wa Kampasi ametushtua kabla chai haijapoa. Dkt. Abdia anasema wiki nzima hii ni mafunzo. Ufundishaji wa haki, ufundishaji jumuishi, mwanafunzi yeyote asiachwe nyuma. Hakuna ruhusa ya kukosa, hata kwa matanga. Nikaguna. Mimi nafundisha Misingi ya Elimu, leo nifundishwe kufundisha?

Kisha akasema jambo lililonifanya niweke kikombe chini. Kampasi inatafuta Mratibu wa Ufundishaji Jumuishi. Atateuliwa mmoja wetu. Mkufunzi atatutembelea madarasani Ijumaa, halafu atapendekeza jina. Kazi ya kudumu.

Kazi ya kudumu! Mimi, Gona Karisa, mtu wa kandarasi ya muhula kwa muhula, ambaye kila likizo hukaa na simu mkononi akingoja kuambiwa kama ataitwa tena. Kadii mke wangu siku hizi haniulizi. Hupika, hunyamaza, na kimya chake ndicho kinachoniuma. Kazi hii ni yangu. Nimeshaamua, bado kuwajulisha wenzangu tu.

Mkufunzi anaitwa Bi Mwanaarusi, mzaliwa wa Kipini. Kiswahili chake kinatiririka hadi sisi wa Garsen tunaona haya kufungua midomo. Mahmud, yule wa takwimu, ameshaanza kujipendekeza. Kamletea chupa ya maziwa ya mgando kutoka kwao. Mahmud ni Muorma, maziwa kwao hayana shida. Kisha kakaa chini ya feni, kiti ambacho kila mtu anajua ni changu. Mtu huyu amenipania.

Bi Mwanaarusi akatutaka kila mmoja aeleze anachofanya ili mwanafunzi asijione mgeni darasani. Mahmud akasema yeye hupanga viti kwa duara. Viti! Nikasimama. Nikasema mimi huwaita wanafunzi wangu wote kwa majina. Majina kamili, kila kipindi, mkubwa kwa mdogo, hakuna anayerukwa. Bi Mwanaarusi alifurahi hadi akaliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya ukutani: Kila mwanafunzi kwa jina lake. Akasema hilo ndilo atakalokuja kulitazama darasani kwangu Ijumaa, na wahadhiri wengine waje nao wajifunze. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mahmud. Unafiki mtupu.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Kadii kanipakulia wali kwa kambare. Nilikuwa katikati ya kumweleza jinsi maisha yetu yatakavyobadilika, tonge likanikwama kooni.

Mama mkwe wangu yumo katika darasa hilo.

Jumanne, 10 Juni

Nieleze vizuri, maana huenda siku moja shajara hii ikasomwa na mjukuu asiyejua mila.

Kwetu Wagiriama, mama mkwe hatajwi jina. Hapewi mkono. Hatazamwi usoni. Mkikutana njiani mmoja wenu huacha njia, hata kama pembeni kuna matope. Hapa pia simwandiki jina lake. Nitamwita Mkwe, yatosha. Mwaka jana alistaafu ualimu wa chekechea huko Kulesa, akasema amewasomesha wana wa watu vya kutosha, sasa ni zamu yake. Akajiunga na kampasi yetu. Muhula huu katokea darasani kwangu. Siku ile ya kwanza nilishikilia meza nisianguke.

Lakini tukapata utaratibu, bila ya sisi wawili kusemezana neno. Yeye huingia kwa mlango wa nyuma, na mimi wakati huo huwa nimegeukia ubao. Huketi nyuma ya nguzo. Nikiita mahudhurio, jina lake nalipita na kumtia alama kimyakimya. Akiwa na swali humnong'onezea Mitchelle, kiongozi wa darasa, naye huliuliza kana kwamba ni lake. Kazi zake nikishasahihisha humfikia kwa mkono wa Mitchelle. Wanafunzi wageni wanadhani mimi ni mtu wa kupenda ubao tu. Utaratibu mzuri sana, haujakwama hata siku moja. Nimejizoeza kutomwona hadi nikasahau kuwa yuko. Ndivyo mdomo ulivyoniponza.

Sasa, mambo ya leo. Niliingia semina na mpango mkononi. Ijumaa nitamwita "Mama". Mama ni heshima, mama si jina, kila mtu ataridhika. Kabla sijaketi sawasawa, Bi Mwanaarusi akafungua mada ya wanafunzi watu wazima. Akasema kosa analolikuta vyuo vyote anavyotembelea ni hili: vijana wanaitwa kwa majina yao, lakini mwanamke mzima akifika anaitwa "mama" na mwanamume mzima "mzee". Anakuwa yumo darasani na bado yuko nje. Akanielekezea mkono, akasema bahati nzuri mwenzetu Gona ameshalivuka hilo. Nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Basi nikatafuta mpango mwingine palepale. Namba. Kila mwanafunzi apewe namba, Mkwe na yake, usawa kamili. Nikamnong'onezea Mahmud nimpime. Alinigeukia kwa mshangao, akasema kwao hata ng'ombe wana majina, kila mmoja na lake, na mchungaji akimsahau mmoja anachekwa. Kisha, bila aibu, akanyoosha mkono na kumwambia mkufunzi kuna mhadhiri mmoja, hatamtaja, ana wazo la namba. Bi Mwanaarusi akasema astaghafirullah. Mjadala ukawaka. Kuna aliyetaja jela. Mimi mwenyewe nikasimama nikalaani jambo hilo kwa ukali kuliko wote, nikasema mhadhiri wa namna hiyo afutwe.

Mahmud aliandika kitu kwenye daftari lake. Anaweka akiba.

Jumatano, 11 Juni

Nimeona mwanga. Mkwe asije Ijumaa, basi. Asipokuwepo, jina lake halihitajiki.

Siwezi kumwambia mimi, kwa hiyo nikamtuma Kadii. Alikuwa anachambua mchicha. Aliacha mchicha, akaniuliza kama nimepigwa na jua. Kasema mamake hajakosa kipindi tangu ajiunge. Hata mto ulipofurika alivuka kwa mtumbwi, vitabu vikiwa kichwani ndani ya beseni. Nikamsihi amwambie tu kwamba jua ni kali wiki hii, mtu wa umri wake apumzike. Akapiga simu mbele yangu. Nikatoka nikasimama uani, kwa sababu hata sauti yake kwenye simu si vizuri niisikilize.

Kadii alitoka na jibu huku akijizuia kucheka. Mkwe anashukuru sana kwa kujaliwa. Lakini amesikia Ijumaa kuna wageni wakubwa, kwa hiyo atafika mapema kuliko siku zote, na amewahimiza wenzake wote waje, ili mkwe wake asiaibike kwa darasa tupu.

Nilishikwa na huruma kidogo hapo. Ikapita.

Mpango uliofuata ulikuwa wa kitaalamu zaidi. Nikampigia Mitchelle. Nikamwambia Ijumaa ninahitaji mwanafunzi mmoja aende kijiji cha Wema akazungumze na wazazi ambao watoto wao wameacha shule. Awe mtu mzima. Awe amefanya kazi na watoto wadogo. Akiwa mtu wa Kulesa itakuwa bora zaidi. Sikumtaja mtu. Mitchelle akasema ameelewa kabisa, niache mikononi mwake.

Jioni kikundi cha darasa cha WhatsApp kikawaka moto. Mitchelle katangaza kwamba, kwa moyo ule wa usawa anaofundisha mwalimu wetu, haifai mmoja aende na wengine wakose. Darasa zima linakwenda Wema Ijumaa. Wameshapanga pikipiki. Harith analeta spika. Kijana mmoja wa Idsowe ameahidi ndizi za kutosha wote. Kuna aliyeuliza kama wavae sare.

Yaani Bi Mwanaarusi aje na Mkuu wa Kampasi wakute nguzo na mimi! Nimeandika haraka kuwa safari imeahirishwa. Wamenijibu kwa vijisura vya kulia, mstari mzima. Mkwe naye yumo kikundini humo. Kila anapoandika kitu mimi hufunika kioo cha simu kwa kidole gumba, kwa hiyo sijui alisema nini.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimefika mahali pa kumpigia magoti Mahmud. Sikudhani nitaishi nione siku hii.

Yeye ana kipindi cha takwimu saa ileile ya kipindi changu. Nikamwomba ampokee mwanafunzi wangu mmoja, kwa kesho tu. Akauliza sababu. Nikasema afya. Akauliza afya ya nani. Nikasema ya darasa kwa jumla. Akasubiri. Mahmud ana tabia hiyo mbaya ya kusubiri. Mwishowe nikamwapisha na kumweleza yote, kuanzia nguzo hadi Wema.

Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Akasema kwao pia mkwe ni mkwe, mamake mkewe akipita yeye huinamisha uso mpaka apotee. Akasema hakuna cha kuficha hapo. Niende kwa Bi Mwanaarusi leo hii, nimweleze kama nilivyomweleza yeye. Eti mtu wa Kipini hatakosa kuelewa heshima.

Mtu ananiambia nimwendee mkaguzi, siku moja kabla ya ukaguzi, nikamwambie ile sifa yangu iliyoandikwa ukutani kwa kalamu nene ina tundu. Kila mwanafunzi, isipokuwa mmoja. Na huku yeye Mahmud amekaa na viti vyake vya duara, anangoja. Mtego huo hata panya wa sokoni angeuruka. Nikamshukuru kwa tabasamu pana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Alasiri Bi Mwanaarusi alinikuta barazani nje ya ukumbi. Akaniuliza taratibu kama kuna jambo lolote kuhusu darasa langu ambalo ningependa alijue kabla ya kesho. Nikasema hakuna, darasa langu liko wazi kama kiganja cha mkono. Akauliza tena kama nina hakika, kwamba wakati mwingine mwalimu ana mambo yake na wanafunzi wake ambayo mgeni hawezi kuyaona. Nikasema nina hakika kabisa. Akaniaga.

Nadhani kujiamini kwangu kulimgusa.

Mpango wa kesho ni mwepesi kuliko yote, sijui kwa nini sikuanza nao. Nitaita majina polepole. Kila mmoja nitamuuliza swali refu, naye atatoa jibu refu. Nitaanzia mbele, nguzo itakuwa ya mwisho. Muda utaisha kabla sijaifikia. Nani atanilaumu kwa muda kuisha?

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika nitakavyoweza.

Darasa lilijaa. Wahadhiri walipangwa kando ya dirisha, Dkt. Abdia katikati yao, Mahmud mwisho. Nikageukia ubao kama kawaida. Nikasikia mlango wa nyuma, nikasikia kiti cha Mkwe. Halafu nikasikia kiti kingine. Nikageuza jicho kidogo tu. Viti vyote hivyo darasani, na Bi Mwanaarusi alikuwa ameona kinachomfaa ni kile cha nyuma ya nguzo, bega kwa bega na Mkwe.

Kumtazama mkaguzi ikawa ni kumtazama Mkwe. Nilifundisha kipindi kizima nikiitazama feni.

Nikaanza kuita. Mitchelle, swali refu. Akajibu kwa sentensi moja, sahihi, akaketi. Harith. Huyu ni mtu ambaye muhula mzima nimeshindwa kumnyamazisha. Akasema ndiyo, mwalimu, kisha akaeleza sababu kwa maneno machache yaliyopangika, akaketi. Athmani hivyohivyo. Stacy hivyohivyo. Nilishangaa kupita kiasi. Baadaye Mitchelle kaniambia Mkwe aliwafundisha asubuhi, alipofika mapema: mbele ya wageni mtu ajibu kwa ufupi na adabu, wasimchoshe mwalimu. Wakajibu, wakajibu, na majina yakaisha. Muda ulikuwa bado upo, tele.

Amebaki mmoja.

Darasa lilijua. Wagiriama wote waliinamia madaftari yao, Wapokomo nao wakaangalia nje. Bi Mwanaarusi akasema kwa upole, kutoka kule nyuma, kwamba amebaki mwenzetu mmoja. Akasema kama mwalimu ana njia yake ya kumkaribisha, njia yoyote ile, yeye atafurahi kuiona. Pia alisema kama mwalimu angependa kutueleza kitu kwanza, hakuna haraka.

Mimi nilisikia jambo moja tu, kazi ya kudumu ikiniponyoka. Nikamwona Kadii na kimya chake. Nikamwona Mahmud kando ya dirisha, akinitikisia kichwa polepole, kushoto na kulia. Nikajiambia, adui akikukataza jambo, hilo ndilo lenye faida.

Nikalitaja. Majina yote matatu, kwa sauti ya mahudhurio.

Mitchelle alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Harith kalamu ilimtoka na hakuiokota. Mkwe alisimama. Alivuta leso yake, akajifunika kichwa na uso, akakusanya vitabu. Njia ya mlango wa nyuma ilikuwa imezibwa na kiti cha Bi Mwanaarusi, kwa hiyo ikambidi apite mbele, mbele yangu mimi. Nikageukia ubao. Nilisikia ndara zake zikipita nyuma ya mgongo wangu hadi nje.

Nikawaambia wageni kwamba, kama walivyoona, hakuna aliyeachwa. Hakuna aliyepiga makofi. Hata Mahmud.

Ofisini kwa Dkt. Abdia ndiko nilikomaliziwa. Bi Mwanaarusi alisema alijua tangu jana. Mahmud alikwenda kwake kuniombea. Alimwambia kwamba Gona hamdharau yule mama, anamheshimu, na wawili hao wamejenga njia yao ya kusoma na kufundishana bila kuvunjiana heshima. Bi Mwanaarusi kasema katika kazi yake yote hajaona kitu kizuri kama hicho. Alikuja leo akiwa ameshaamua kulipendekeza jina langu. Alitaka tu nilieleze mwenyewe, darasani, mbele ya wenzangu, ili wajifunze kwamba mwalimu anayemjua mwanafunzi wake anajua hata la kutosema. Jana alinipa nafasi. Leo akanipa tena. Ningesema tu huyu ni mkwe wangu, akasema, kazi ilikuwa yako.

Nikauliza kama kuna rufaa. Dkt. Abdia akanionyesha mlango.

Kazi wamempa Mahmud.

Nimefika nyumbani, Kadii hayupo. Jirani kasema alibeba begi, akapanda pikipiki ya Kulesa akilia. Amejua kabla sijafika. Bila shaka amejua, Garsen nzima imejua. Nimekaa kitandani na viatu vyangu. Nina aibu, na nina uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Jumapili, 15 Juni

Mzee Ngala amerudi kutoka Kulesa nilikomtuma. Yeye ndiye mshenga aliyeniozesha, kwa hiyo yeye ndiye wa kuzima moto. Alikunywa maji yangu yote kabla ya kusema.

Mkwe hajakasirika. Heri angekasirika. Mzee Ngala anasema ana haya tu, haya ya kutoonekana na watu. Vitabu amevifunga kwenye leso akaviweka juu ya kabati. Anasema ameridhika na alichokisoma, kinamtosha. Hilo limenichoma. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikasimama huko kwa muda.

Dawa ipo na kila mtu anaijua: mbuzi, jozi ya leso, mtungi wa tembo la mnazi. Niende na Mzee Ngala peke yake. Nikae nje ya uzio, yeye aingie na kusema kwa niaba yangu. Kimya, bila watu, bila kutaja lililotajwa. Jambo kama hili, amesema, linafukiwa kama shimo, halichimbwi. Akipokea leso, Mkwe atarudi darasani, na Kadii atarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kadii amesema hivyo kwa kinywa chake.

Mahmud naye alikuja jioni na maziwa. Akasema akiwa Mratibu anaweza kupanga Mkwe asomee somo langu kwa mwalimu mwingine, na kama nina shida ya kumpata mbuzi, kwao wapo. Nilimtazama nikashindwa kuamini. Kachukua kazi yangu, sasa anataka na mkwe wangu, na mbuzi awe wake ili sifa iwe yake. Maziwa niliyapokea.

Jumatano, 18 Juni

Mungu hamtupi mja wake!

Asubuhi Dkt. Abdia katangaza kuwa Mratibu atahitaji msaidizi. Naye ni wa kudumu. Kila anayeomba aonyeshe tukio moja, la kweli, ambapo alimrudisha darasani mwanafunzi aliyeachwa nje. Nilitazama huku na huku ukumbini. Wenzangu walikuwa wanakuna vichwa. Maskini, nani kati yao amewahi kumwacha mtu nje kama mimi? Nani ana tukio lililo tayari, lenye mbuzi na leso?

Kwa hiyo msamaha hautakuwa uani Kulesa. Utakuwa kampasi, Jumamosi, ukumbi mkubwa. Mbuzi ataingizwa kwa mlango wa mbele. Leso nitazikabidhi mwenyewe jukwaani. Bi Mwanaarusi nimemwalika kutoka Kipini, hajajibu, bila shaka anapanga usafiri. Harith ataleta ile spika. Nimemwambia Mitchelle awahimize wote waje na wazazi.

Mzee Ngala alipopata habari alikuja mbio, na si mtu wa kukimbia. Amenisihi. Akakaa chini, akanisihi tena. Sikumlaumu, wazee hawayajui mambo ya ajira. Mahmud amepiga simu, ameniomba nisifanye lolote kabla hatujazungumza. Wivu huo. Anaogopa msaidizi atamzidi bosi.

Likabaki bango, wageni wasipotee. Nikaenda kwa fundi wa mabango karibu na stendi. Nikamwelekeza: Karibuni Nyote Kumwomba Msamaha, halafu chini yake majina ya Mkwe, yote matatu, herufi nyekundu. Alianza vizuri. Alipofika kwenye jina akaniuliza huyu ni nani wangu. Nikamwambia. Akaweka brashi chini. Akaniuliza tena, polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Nikamwambia tena. Akafunika makopo yake ya rangi, akasema leo amefunga, na jua lilikuwa bado utosini.

Si neno. Kazi nzuri hujisimamia mwenyewe. Nimenunua rangi dukani, nimelimalizia kwa mkono wangu, na limeshatundikwa juu ya barabara, kati ya nguzo mbili za stima. Limenyooka. Linasomeka kutoka mbali.

Kadii akija kutoka Kulesa lazima apite chini yake.